Studio ya tatuu karibu na Jeevanjee: fundi anayekusomesha andiko kabla ya kukuchora

Nianze na hukumu, maana wengi wenu hamtafika chini. Kama wewe ni Mkristo, umeshamalizana na dhamiri yako, na unataka msalaba au andiko mwilini lililoandikwa vizuri, nenda kwa fundi huyu. Kama bado unabishana na dhamiri, nenda vilevile. Ndiye mchora tatuu niliyemwona akimrudisha mteja nyumbani akasome sura nzima, mteja akiwa ameshatoa simu alipe.

Studio iko ghorofa ya nne, katika mojawapo ya yale majengo ya eksibisheni karibu na Moi Avenue na bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi. Chini wanauza kava za simu na wigi, katikati ni saluni na mafundi cherehani. Mwenye jengo hataki mabango juu ya ghorofa ya kwanza, kwa hiyo usitafute bango. Jina nami silitaji. Fundi anafanya kazi kwa miadi na anasema foleni aliyo nayo inamtosha. Lifti ipo na haifanyi kazi.

Inafaa mjue ninayesema ni nani. Mimi ni mwandika mabango, nakaa Umoja. Zamani nilikuwa nachora matatu za Eastlands, mpaka sheria za waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilipokazwa mwaka 2004 na magari yote yakavikwa ule mstari wa manjano. Michoro ikafutwa, na sisi tuliokuwa tukila kwa brashi tukakimbilia makanisa. Kanisa halikosi kazi: likipata mchungaji mpya, bango, likigawanyika, mabango mawili. Nimeandika maandiko mengi kwenye mabati kuliko wahubiri wengi walivyoyahubiri. Kwa hiyo nikiona tatuu yenye maneno, naangalia herufi kwanza, imani baadaye. Na tatuu nyingi za Kikristo hapa mjini, niwe mkweli, zimeandikwa vibaya. Mtu ana Zaburi ya 23 kifuani na "Mchungaji" limekosa herufi, au mstari umeanza kwa herufi kubwa za kifahari na kuishia kubanwa kwapani kwa sababu hakuna aliyepima nafasi. Bango likiharibika unalisugua kwa msasa na kupaka upya. Ngozi hairuhusu hilo.

Mezani pana faili la michoro ya kidini, na hapo studio inapoteza alama. Ni yaleyale ya kila mahali. Msalaba wenye mabawa, njiwa, simba wa Yuda aliyeazimwa kwa Marasta, rosari ya kuzungusha kifundo cha mguu. Mikono miwili ikiomba imo pia, ule mchoro wa Albrecht Dürer wa mwaka 1508, ulionakiliwa juu ya nakala hadi vidole vimepoteza viungo vyake. Fundi mwenyewe halipendi faili hilo. "Hilo ni la wale waliokuja bila neno," aliniambia. Ningekuwa yeye ningelichoma.

Uzuri wake unaanza pale unapokuja na neno lako. Kwenye rafu, kati ya chupa za wino na katoni ya glavu, ana Biblia ya Kiswahili ya Union Version, jalada jeusi, kona zimekunjika. Anakupa usome mstari unaoutaka, halafu ule wa kabla yake na ule unaofuata. Kwa sauti. Siku nilipoenda kuweka miadi alikuwepo kijana wa mazoezi, mabega haya, anataka Wafilipi 4:13 mgongoni: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Fundi akamwambia aanzie mstari wa 11. Kijana akasoma habari za Paulo kujifunza kuwa radhi, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hakuna mstari mwingine wa nguvu. Akaambiwa arudi wiki ijayo.

Nikamuuliza fundi ni andiko gani linaombwa zaidi. Yeremia 29:11, alisema, hasa na wasichana wanaomaliza chuo: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Yeye huwa anawaomba wasome wa 10. Humo Bwana anawaambia waliohamishwa Babeli kwamba watasubiri miaka 70 kwanza. Wapo wanaocheka na kuendelea. Wapo wanaoomba wafikirie. Mmoja, anasema, alitaka 29:10 ichorwe badala yake, na hiyo ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote.

Andiko langu lilikuwa fupi, kutoka Isaya 44:5: MIMI NI WA BWANA. Nilimletea limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, herufi kubwa, kwa vipimo. Sikumwambia kitu, nilitaka kumpima. Sasa, aliyewahi kuandika bango anajua ugumu wa maneno hayo uko wapi. Kuna W ikifuatwa na A, mara mbili: katika WA na katika BWANA. Herufi hizo mbili zina miteremko inayolaliana, na ukiziachia nafasi sawa na nyingine, jicho linaona pengo. Lazima A uisogeze iingie chini ya bega la W. Fundi aliangalia karatasi yangu, akachukua penseli, akasema, "Mzee, hapa umeshazibana. Lakini mkononi tutazibana zaidi kidogo, ngozi inavutika." Nikajua nimefika kwa mtu wa kazi.

Akakataa mambo mawili niliyoyataka, na kwa yote mawili alikuwa na haki. Nilitaka herufi ndogo, nusu sentimita. Akasema kwa miaka wino husambaa kidogo chini ya ngozi, na yale matundu ya ndani ya A na B yataziba. Tukakubaliana sentimita moja. Nilitaka ukingo wa rangi ya dhahabu. Akaniwekea mkono wangu kando ya wake, sote weusi wa kutosha, akanionyesha kwake mahali alipojichora manjano akiwa bado mwanafunzi. Ungedhani ni doa la chai. Kwenye ngozi kama yetu wino mweusi ndio unaosema, na mistari inatakiwa inenepe kuliko ile mnayoiona kwenye picha za Wazungu. Kisha akaniuliza kama makovu yangu huvimba. Kabla sijajibu alikuwa anapapasa kovu langu la chanjo ya BCG, hapa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko ambapo karibu kila Mkenya analo. Lilikuwa bapa. Lingekuwa limevimba na kung'aa, alisema, angenirudisha nyumbani na pesa zangu.

Kwa nini mkono wa kushoto? Muulizeni mama watoto. Nilipomweleza mpango wangu hakukasirika, aliuliza tu, "Mkono gani?" Mnakumbuka Huduma Namba mwaka 2019, ule usajili wa serikali wa kumpa kila mtu namba yake, jinsi baadhi ya waumini walivyogoma kujiandikisha wakihofia 666. Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile zilizojadili jambo hilo mpaka usiku. Ufunuo 13:16 unataja chapa katika mkono wa kuume au katika vipaji vya nyuso, na mama watoto haupuuzi mstari huo. Nikamfungulia ukurasa unaofuata, 14:1, ambapo walio pamoja na Mwana-Kondoo nao wameandikwa jina lake katika vipaji vya nyuso zao. Akausoma taratibu, akafunga Biblia, akasema, "Sawa, baba. Weka wa kushoto." Ni wa kushoto.

Mzee wa kanisa hakuwa rahisi hivyo. Alijuaje? Nitalieleza hilo kwenye malalamiko. Alinisubiri baada ya ibada, tukasalimiana "Bwana asifiwe", halafu akaja na Walawi 19:28: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi BWANA." Nilikuwa nimejiandaa. Sura hiyo inazungumza na watu waliozungukwa na mataifa yaliyojikatakata yakiomboleza wafu wao, na Musa hakuwataka wafanane nao. Mimi sikuwa naomboleza mtu. Tena mstari wa 27, ulio juu yake kabisa, unakataza kunyoa pembeni mwa kichwa na kuharibu pembe za ndevu, na mzee wetu ni mteja wa kinyozi wa kila Jumamosi. Wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za namna mbili. Nikaitazama suti yake. Akaitazama pia. Akacheka.

Nikamkumbusha na susu yangu, yaani nyanya, wa Machakos, ambaye yeye mwenyewe alimjua. Alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa, desturi ya Wakamba wa kizazi chake. Alibatizwa nayo, akaimba nayo katika kwaya ya akina mama, akazikwa nayo, na hakuna mhubiri aliyemtaka ayarefushe.

"Ndugu," mzee akasema, "mimi Walawi nimeanzia tu. Shida yangu ni nyingine. Siku ukianguka, huo mkono utakuwa unasema nini?" Hapo nilikosa jibu la haraka, na mpaka leo nina nusu tu. Ni mimi niliyewahi kuandika "Bwana ndiye mchungaji wangu" nyuma ya matatu ambayo dereva wake alikuwa akipanda juu ya njia ya wapita miguu na kuwatukana akina mama wa mboga. Maneno yalikuwa mazuri sana, bluu juu ya nyeupe. Watu walikuwa wanayasoma huku wakiruka mtaro. Hoja hiyo ya mzee naiona nzito kuliko aya zote za Torati, na anayetaka kuchorwa andiko aijibu yeye na Mungu wake. 1 Wakorintho 6 pia aliitaja, mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Paulo pale anaongelea zinaa, nikamwambia; akasema hekalu ni hekalu. Hatukubaliani, na bado tunakaa benchi moja.

Ninachokataa ni ile kauli kwamba mambo haya tumeletewa na wacheza mpira wa Ulaya. Nenda Coptic Hospital pale Ngong Road ukae sebule ya kungojea. Huenda ukamwona Mmisri mwenye msalaba mdogo ndani ya kifundo cha mkono wa kulia, kama nilivyomwona mimi. Wakoptiki wengi huchorwa wakiwa bado watoto, na kwao huko Misri alama hiyo ni ya kujitambulisha mlangoni mwa kanisa. Nenda Eastleigh au Kilimani wanakokula Wahabeshi, utamwona mama mtu mzima mwenye msalaba kwenye paji la uso. Kanisa la Ethiopia ni kongwe kuliko makanisa yote ninayoyaandikia mabango.

Na Yerusalemu ipo familia ya Razzouk, Wakoptiki wenye asili ya Misri, wanaohesabu karibu miaka 700 ya kuwachora mahujaji. Duka lao liko ndani ya mji wa kale. Wana vibao vya mti wa mzeituni vilivyochongwa michoro: wanakipaka wino, wanakigonga kwenye ngozi, ndipo sindano inafuata mistari. Nilipoona picha za vibao hivyo nilitabasamu peke yangu, maana stensili ndiyo ajira yangu. Hata Edward VII wa Uingereza, akiwa bado mwanamfalme, aliondoka huko mwaka 1862 na msalaba wa Yerusalemu mkononi. Upande wa pili wa shilingi, ili mzee asiseme nimemficha: Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, alikataza wafungwa wasitiwe alama usoni, kwa kuwa uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na miguu hakuikataza. Nimeuheshimu uso wangu.

Siku ya kazi. Usafi nampa alama zote. Alinawa, akavaa glavu, akafungua pakiti ya sindano mbele ya macho yangu na kunionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Mashine na waya wake vilikuwa vimefungwa plastiki mpya. Wino aliumimina kwenye vikombe vidogo vya kutupa, na uliobaki haukurudi chupani. Alininyoa kwa wembe mpya, akafuta kwa spiriti, na sindano ilipomaliza kazi ikaingia kwenye kile kisanduku cha njano kama cha hospitali. Msilione hili kama madoido. Homa ya ini aina ya B na C na virusi vya ukimwi vinapita kwenye sindano iliyotumika, na mjini hapa kuna watu wanaochora vibandani, sindano moja wateja watatu. Ukiona fundi hafungui pakiti mbele yako, inuka, hata kama umeshalipa.

Maumivu? Yapo. Kwenye nyama ya mkono ni ya kuvumilika. Karibu na kifundo, BWANA ilipofika kwenye N, nilikuwa nasaga meno. Dirisha lilikuwa wazi na ilikuwa saa saba mchana, wakati wahubiri wa Jeevanjee wanapofungua spika zao. Wa siku hiyo alikuwa kwa Zakayo. Mnajua siku hizi Nairobi huwezi kutaja Zakayo na kodi katika sentensi moja, maana Zakayo ndilo jina la utani alilobandikwa William Ruto kwa ajili ya kodi. Umati ukacheka kabla mtu hajafika kwenye mkuyu, mimi nikacheka, mkono ukatikisika. Kwa bahati fundi alikuwa ameshainua sindano. "Tumngoje ashuke," akasema.

Herufi zimetoka sawa. Nimezikagua kwa rula, na mimi si mtu wa kuhurumia. Miguu ya N imesimama, M mbili zinalingana, W na A zimekaa mahali pake zote mbili. Ngozi ilibambuka wiki ya pili ikawasha sana, ikatulia. Herufi I ya mwisho ilififia upande mmoja, nikarudi, akaijaza bila malipo.

Malalamiko sasa. Kubwa ni picha. Alipomaliza aliupiga picha mkono wangu, nikadhani ni kumbukumbu yake. Kabla matatu haijanifikisha Umoja ilikuwa Instagram, na kijana mmoja wa kwaya yetu anamfuata huko. Ndivyo mzee alivyojua, na ndivyo nusu ya kanisa ilivyojua kabla mimi sijachagua pa kuanzia. Nilimpigia, akaiondoa na kuomba radhi. Lakini anayechora watu wa kanisa aulize kwanza. Wapo ambao picha kama hiyo itawavua cheo au kuwagombanisha na wazazi. Ukienda, mwambie mapema hutaki picha.

Mengine ni madogo. Miadi ya saa tano ilianza saa sita na nusu. Benchi ya kungojea ni nyembamba, na duka la jirani linapiga muziki wa gengetone kwa sauti inayotikisa chupa. Maelezo ya kutunza kidonda aliyasema haraka akiwa anavua glavu: osha kwa sabuni isiyo na manukato, paka mafuta kidogo, usikwangue, usiogelee, epuka jua. Angeyachapisha kwenye kikaratasi. Mafuta anayouza hapo ni ghali kuliko duka la dawa la chini, kwa hiyo nunua chini. Pia hakuniambia kwamba baada ya tatuu hutakiwi kutoa damu kwa miezi kadhaa. Niliambiwa na muuguzi kwenye hema la kuchangia damu, foleni ikiwa imeshafika kwangu.

Nililipa shilingi 6,500, elfu moja ikiwa ya kuweka miadi kwa M-Pesa na hairudishwi. Kuna watakaokuchorea maneno hayohayo kwa elfu mbili mitaa ya chini. Mimi nisingewapa hata kipande cha bati langu. Walio chini ya miaka 18 anawakataa bila mjadala, hata wakija na mama.

Mpigie siku za kazi, asubuhi. Jumatatu amefunga. Jumapili usijaribu kabla ya saa tisa: anapiga gitaa la besi kanisani kwao Githurai, na huwa amevaa shati la mikono mirefu.